Treni Iliyompita Barasa

Haya, kaeni. Tangu nirudi, kila anayenunua mandazi ananiuliza, "Mama Sheila, kwani Japani kuko aje?" Naanza kusimulia, chai inafurika, mteja anaondoka na nusu ya hadithi, na hiyo nusu ikifika Silanga, mtaa wa jirani, imeshaota miguu. Juzi rafiki yangu wa Kongo, ule mtaa wa Kawangware, alinipigia simu amejaa wasiwasi, ameambiwa nilikamatwa na polisi kwa stesheni. Sikukamatwa na mtu. Kwa hivyo nimechukua daftari la Sheila lenye kurasa zilizobaki, nimeketi, na naandika mara moja tu. Mkishasoma, msiniulize tena, nunueni mandazi.

Mambo ya pasipoti na viza siandiki. Foleni ni foleni, hata ikiwa ya Japani.

Laini Saba

Mnaonijua mnajua biashara yangu hapa Laini Saba iko kwa reli. Sisemi kando ya reli, nasema kwa reli yenyewe. Karai la mafuta liko chini hapa, meza yangu mguu mmoja uko kwa kokoto za reli. Treni ikipiga honi kule mbele, nainua meza, jirani anainua nyanya zake, mwingine anakunja turubai la mitumba, treni inapita, tunarudisha. Miaka ishirini. Sijawahi kuangalia saa kujua treni inakuja, naisikia kwa miguu. Basi mtu akiniambia habari za treni, mimi siwezi kutishika. Hicho ndicho kilikuwa kiburi changu, na mtaona vile kilinifanya.

Sasa Barasa. Barasa ni kitinda mimba wetu, mimi ndimi kifungua mimba. Nilimbeba mgongoni kule Bungoma kabla sijajua kuchana nywele zangu vizuri. Alipokuja Nairobi alikaa Kongo ya Kawangware, akajifunza kunyoosha mabodi ya magari, mkono wake ukawa mzuri mpaka akapata kazi ya kiwanda Japani, akaoa huko. Miaka mitatu iliyopita mama yetu alikufa. Barasa akapiga simu, akaniambia, "Dada, mningoje wiki moja tu. Kazini wananipa ruhusa Jumatatu." Nikamjibu, "Sawa, tutakungoja."

Jumamosi hiyo tukazika.

Kuna binamu alikuwa na simu, akamwonyesha mazishi yote, kaburi likijazwa, watu wakila. Jioni Barasa akanipigia. "Mmezika?" Nikasema tumezika. Akasema, "Sawa." Akakata. Hiyo "sawa" ndiyo neno la mwisho nililosikia kwa mdomo wake. Salamu zilikuja kupitia kwa mkewe, picha za mtoto zilikuja, lakini sauti yake, hapana. Nikipiga simu, inalia mpaka inachoka.

Aliyeniita Japani ni huyo mkewe, Naoko. Aliandika kwa simu, maneno machache: Barasa halali vizuri, hataji mama yenu, hajawahi kulia, tafadhali njoo, tikiti nitatuma. Nikasoma mara tatu nikiwa nimeshika mwiko wa mandazi. Nilienda kumwambia mtoto wa mama yangu, nisamehe. Ni hilo tu. Haya mengine yote ni barabara.

Angani, na kungoja kwa Waarabu

Ndege siielezi sana. Unakaa, unaletewa chakula kidogo kidogo kama cha mgonjwa, unaambiwa funga mkanda. Nilikula kila kitu mpaka ile siagi.

Mahali pa kubadilisha ndege, kwa Waarabu, tuliambiwa tungoje saa nne. Zikawa kumi. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Nikakaa sakafuni karibu na mama mmoja niliyemsikia akiongea Kikamba kwa simu. Anaitwa Mwende, wa Kitui, alikuwa anaenda kufanya kazi kwa nyumba ya watu. Alikuwa na mahindi ya kuchemsha ndani ya karatasi, sijui alivyoyapitisha pale wanapokagua. Mimi nilikuwa na mandazi yangu. Tukabadilishana, tukala kama tuko kwetu.

"Na wewe unaenda kazi gani?" akaniuliza.

Nikataka kumwambia naenda kutembea. Sijui kwa nini, nikamwambia ukweli wote, mazishi, ile simu, ile sawa.

Akaacha kutafuna. "Yaani wewe mkubwa ndio unaenda kuomba mdogo msamaha? Kwenu hiyo inawezekana?"

"Kwetu mdogo ndio huja kwa mkubwa," nikasema. "Hata kama mkubwa amekosa, mdogo anakuja, mnaketi, yanaisha."

"Na yeye hajakuja."

"Hajakuja."

Mwende akafuta mikono kwa leso. "Basi usiende ukafika karibu halafu ukae chini umngoje amalizie. Mimi najua wakubwa. Mimi pia ni mkubwa." Tukacheka. Ndege yake ikaitwa kwanza, akaniachia mahindi mawili.

Na Naoko, mpaka stesheni kubwa

Naoko nilimjua kwa picha. Yeye alinijua kwa kitambaa cha kichwa, maana uwanja mzima ni mimi tu nilikuwa nacho. Nikafungua mikono nimkumbatie, yeye akainama kunisalimia, kichwa chake kikanigonga kidevu, tukashikana tukicheka na machozi ya maumivu. Mwanamke mdogo, mwenye haraka, mikono yake ina joto.

Tunaongea kupitia simu yake. Anasema Kijapani, simu inatoa Kiswahili safi kama cha msomaji wa habari. "Karibu, dada mpendwa. Je, umechoka na safari?" Nikasema, mwambie nimechoka kama punda. Simu ikasema kitu, Naoko akageuka nyuma kutafuta punda. Nikaona hapa nichunge maneno.

Tulipanda treni moja kubwa ya kutoka uwanjani. Njiani akaninunulia wali uliofinyangwa pembe tatu, umefungwa kwa plastiki yenye namba: vuta moja, vuta mbili, vuta tatu. Mimi nikapasua tu. Ile karatasi nyeusi ya kuliwa, wanasema inatoka baharini, ikabaki yote ndani ya plastiki, wali ukanimwagikia mapajani. Halafu chai. Jameni, chai! Imekaa ndani ya chupa, baridi, rangi ya kijani, haina maziwa, haina sukari. Mimi mchuuzi wa chai nilinyamaza kwa heshima ya mwenyeji, nikameza kama dawa.

Nikamuuliza, "Barasa anajua nakuja?"

Simu ikajibu, "Anajua. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Lakini leo ameomba ruhusa kazini."

Huyo Barasa, kuomba ruhusa. Nikaangalia dirishani muda mrefu, nyumba na nyumba na nyumba, nguo zimeanikwa kila roshani kama tu kwetu.

Stesheni kubwa ndipo tulipoachana. Naoko anafanya kazi kwa nyumba ya wazee, zamu yake ilikuwa inaanza mchana huo. Lakini alikuwa amepanga hivyo makusudi, aliniambia wazi: "Nataka akupokee yeye. Ninyi wawili tu." Akanileta mpaka kwa jukwaa, akanipa karatasi. Upande mmoja ameandika kwa maandishi yao jina la stesheni na jina la Barasa. Upande wa pili ameandika 15:12, yaani saa tisa na dakika kumi na mbili, akapiga mistari miwili chini yake. Simu ikasema, "Treni ya kabla, hapana. Treni ya baada, hapana. Hii. Shuka kituo cha saba." Akanionyesha vidole saba. Akainama, safari hii nikainama pia, akakimbia.

Treni ya dakika tisa

Pale jukwaani watu wanasimama kwa mistari iliyochorwa chini, wawili wawili, kama watoto wa shule. Hakuna anayesukuma. Hakuna anayeuza. Kimya, jameni, kimya cha kutisha, watu wengi vile na hakuna anayeongea kwa simu. Kulikuwa na mfanyakazi mmoja mwenye kofia na glavu nyeupe, ananyoosha kidole kwa reli, anasema kitu kwa nguvu, ananyoosha upande ule, anasema tena, na hakuna mtu mbele yake. Nikadhani anakemea pepo. Nikasema amina kimoyomoyo. Baadaye nilielezwa ndivyo wanavyofanya kazi, wanaonyesha kitu kwa kidole na kukitaja ili wasisahau kuangalia.

Treni ikaja. Rangi ileile aliyonionyesha Naoko, jukwaa lilelile, mlango ukafunguka mbele yangu kabisa. Nikaangalia saa ya ukutani: 15:09. Nikaangalia karatasi: 15:12. Nikacheka.

Dakika kumi na mbili! Nani duniani anahesabu treni kwa dakika tatu? Kwetu tukisema ya saa moja, hiyo ni saa moja na kitu, au saa mbili kasoro, na ikija umeshukuru. Nikajiambia hii ndiyo yenyewe, imewahi kidogo. Nani atanifundisha mimi treni? Nikaingia, nikapata kiti, nikaweka begi mapajani, nikajipongeza.

Kituo cha kwanza treni ikakipita bila kusimama. Nikaona sawa, labda hakuna wa kushuka. Cha pili kikapita, na hapo nikaona watu wamesimama kwa jukwaa! Cha tatu. Nikamgusa jirani yangu, bwana wa tai, amelala, kichwa kimeanza kuegemea bega langu. Cha nne. Nikainuka, nikashika mlango. Cha tano, cha sita, nahesabu kwa vidole, najiambia cha saba itasimama, lazima isimame, nimeambiwa saba.

Haikusimama. Na pale kwa cha saba, jukwaani, nikamwona Barasa.

Alikuwa amevaa jaketi la buluu la kiwanda, kipara cha baba kimeshamfikia utosini. Amesimama pale pale kwa mstari, mahali mlango wa treni yangu ungefunguka kama ningepanda treni yangu. Ameshika mikono nyuma kama mtu kanisani. Nikapiga kioo kwa kiganja, nikaita, "Barasa! Barasa!" kwa sauti ile ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Behewa zima likaamka. Akageuza kichwa. Aliniona. Najua aliniona kwa sababu aliinua mkono, na hakuwa ananipungia, alikuwa anasimamisha treni. Halafu kukawa na ukuta, na nyumba, na nguo za watu wasionihusu.

Bwana wa tai akanipisha kiti kwa mikono miwili. Sikukaa. Nilijaa aibu, na hasira kwa kichwa changu kigumu. Nilimpita ndugu yangu akiwa amesimama ananingoja. Mtu angenichapa kofi wakati huo ningesema asante.

Kituo cha kumi na mbili

Treni ilisimama kwa kituo cha kumi na mbili. Nikashuka na begi langu, nikasimama katikati ya jukwaa nikilia bila sauti. Simu yangu huko haishiki laini. Nikafikiria: ataondoka. Atasema, ameniona na amenipita, ndiyo kawaida yake. Atarudi nyumbani, na hiyo itakuwa "sawa" ya pili.

Mzee mmoja wa glavu nyeupe akaja, nywele zake za kijivu zimechanwa vizuri. Hakuniuliza tikiti. Nikampa karatasi ya Naoko. Akaisoma, akaigeuza, akaona ile 15:12 na mistari yake miwili, akavuta pumzi kupitia meno. Akanipeleka kwa ofisi ndogo, akanipa kiti, akanipa chai yao tena, hii angalau ilikuwa moto. Akashika simu ya mezani.

Nilimsikia akisema, "Barasa-san." San ni heshima yao, kama sisi tunavyosema bwana. Alielezea kitu, akangoja. Nilijua kule kituo cha saba wanamwita, maana nilisikia kwa mbali ndani ya simu ile sauti ya vipaza sauti vya stesheni. Jina la babu yetu, linaitwa Japani mbele za watu. Nikajishika mdomo.

Mzee akatoa kifaa cha kutafsiri, kama simu ya Naoko. Kikasema, "Ndugu yako yupo. Yuko salama. Treni ya kurudi ni baada ya dakika sita. Mimi nitakupeleka mlangoni."

Na hapa sasa mtanicheka. Mimi, niliyevuka dunia kuomba msamaha, nikasema, "Mwambie aje yeye. Mimi nimepotea, na kwetu aliyepotea hakai akihamahama, anakaa pale pale mpaka apatikane. Na pia mimi ni mkubwa wake."

Mzee akasema kwa simu. Akangoja. Akanitazama, nikaona hataki kukisemesha kile kifaa. Mwishowe kikasema, "Ndugu yako anasema hataondoka pale alipo. Anasema yeye anajua kungoja. Anasema yeye akisema atangoja, anangoja."

Haya basi. Nilitakiwa kuona haya, nikaona hasira. Nani amemfundisha huyu mtoto kunijibu hivyo, mbele ya wageni, kupitia mashine? Nikakunja mikono. Treni ya kurudi ikaja, mzee akainama kunionyesha mlango, nikatikisa kichwa. Ikaenda. Ikaja nyingine. Nikatikisa kichwa. Mzee hakukasirika, alirudi tu mezani kwake akaandika kitu, akarudi kusimama karibu nami. Saa ya ukutani inazunguka. Nikaanza kumwona Barasa kule, jaketi la buluu, mikono nyuma, watu wanashuka na kupanda na kumpita. Na mimi huku nimeketi kwa kiti cha watu, nikidai ukubwa. Ukubwa gani? Mkubwa ni yule anayeshika neno lake.

Treni ya tatu ilipokuja nikainuka mwenyewe. Mzee akaangalia ndani, akanyoosha kidole kwa ubao, akataja kitu kwa sauti, akanyoosha tena. Mara hii nilijua anahakikisha kwa ajili yangu. Akanionyesha vidole vitano. Nikamshika mkono wa glavu kwa mikono yangu miwili. Sidhani ilikuwa desturi, lakini hakuuondoa.

Vituo vitano

Hii ilikuwa treni ya kusimama kila mahali. Kituo cha kwanza ni cha baiskeli, mamia, zimepangwa, hakuna mlinzi. Cha pili kuna duka la mikate na harufu yake ikaingia mlango ulipofunguka, njaa ikanikamata nikala hindi moja la Mwende mbele ya watu, punje kwa punje. Mwanamke mmoja akanitazama, nikampa kipande, akacheka akikataa kwa mkono, halafu akachukua punje chache. Sijui jina lake wala sitamwona tena.

Kile cha tatu ndicho kilichonimaliza. Makaburi yao yako pale pale kando ya reli, kati ya nyumba, mawe membamba yamesimama karibu karibu. Na hapo treni ilisimama ikakaa. Milango wazi, dakika moja, mbili, tatu. Hakuna anayelalamika. Halafu nyuma yetu ikaja ile ya haraka, kama ile niliyopanda, ikapita kwa kishindo, na sisi tumekaa tu. Hii ndogo ndiyo huwekwa kando mpaka ile nyingine ipite.

Nilikuwa natazama mawe yale. Kijana mmoja alikuwa anaosha jiwe kwa maji, polepole, kama anaogesha mtu. Nikakumbuka mama. Nilimuuguza miezi mitano peke yangu, nilikuwa nimefunga biashara. Na nikajua pale, kabla milango haijafungwa, kwamba yale majibu niliyokuwa nimebeba kutoka Nairobi siwezi kuyatoa. Nilikuwa nayo tayari: wazee walikataa, mvua ilikuwa inanyesha, wageni walikuwa wengi, mwili ulikuwa umekaa sana mochari. Miaka mitatu nimekuwa nikiyapanga. Mengi yalitokea kweli. Hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Cha saba

Barasa alikuwa pale pale. Amengoja saa moja na nusu, kwa mstari uleule. Mlango ukafunguka mbele yake, nikashuka, tukaangaliana.

"Umechelewa," akasema. Kiswahili chake bado ni cha Kongo.

"Nimechelewa."

Akachukua begi langu, akaanza kwenda kwa ngazi. Hakunipa mkono. Mimi sikusonga.

"Barasa. Kuja uketi kwanza."

"Nyumbani ni karibu, dada. Tutaongea huko."

"Hapana. Keti."

Kuna benchi pale. Akaketi, begi kati yetu. Treni ikaja, ikaondoka. Nikaona taya lake linatembea, kama akiwa mdogo akizuia kilio asichekwe na wenzake.

"Ulisema mtaningoja," akasema.

"Nilisema."

"Kwa nini hamkuningoja?"

Mdomo wangu, hata baada ya yote niliyoapa kwa treni, ukaanza, "Wazee walisema..."

"Wazee najua," akanikata. "Mimi nakuuliza wewe."

Basi nikamwambia. Na ninyi mnaosoma hapa hamkujua, hata mume wangu hakujua mpaka nimerudi. Wazee hawakukataa. Wazee waliniita nyuma ya nyumba wakaniuliza, "Nekesa, wewe ndio ulimuuguza, useme. Tungoje mtoto au tuzike?" Na mimi ndiye niliyesema tuzike.

"Nilikuwa nimechoka, Barasa. Miezi mitano. Nilikuwa namgeuza, namwogesha, silali. Alipokufa nilitaka tu aingie ardhini ndio nikalale. Wiki moja niliiona kama mwaka. Sikukufikiria. Huo ndio ukweli, sikukufikiria hata kidogo. Nisamehe."

Mabega yake yakashuka, polepole, mpaka akawa mtu mfupi kuliko yule niliyemkuta.

"Mimi nilidhani hamnihesabu tena," akasema. "Nilidhani mlikaa mkasema, huyu ameshapotelea kwa Wajapani, tuzike. Kama ni uchovu... Ungeniambia tu umechoka, dada. Uchovu ningeelewa."

"Niliogopa."

"Na yeye? Aliniulizia?"

Hiyo ndiyo sikutaka aniulize. Lakini nilikuwa nimeshafika huko.

"Kila siku. Na siku ya mwisho alikuwa haoni vizuri tena. Alinishika mkono akasema, 'Barasa, umefika?' Nikamwambia, 'Nimefika, mama.'"

Barasa akaweka viganja machoni. Akawa anapumua kwa mdomo, kwa nguvu, lakini sauti haitoki. Naoko alikuwa amesema kweli, hajawahi kulia, alikuwa amesahau mahali kilio kinapoanzia.

Kwetu mnajua vile tunafanya. Aliyekosa mazishi hasalimii mtu. Akifika langoni anapiga nduru, anamlilia marehemu kwa jina, na walio nyumbani hata kama wamemaliza kulia mwaka jana wanatoka wanalia naye, ndio sasa aingie. Huyu hakuwahi kupewa lango. Nikainuka, nikafungua kitambaa cha kichwa nikajifunga kiunoni.

Akaona nataka kufanya nini. Akanishika mkono. "Dada, hapana. Huku watu hawalii hivyo. Hata kuongea kwa nguvu hawaongei."

"Basi niambie huku watu hulilia wapi," nikasema, "tupande treni twende."

Akafikiri. Kweli alifikiri, ndugu yangu, akatazama upande huu wa reli, akatazama upande ule. Watu walikuwa wameanza kujipanga kwa mistari, wawili wawili, kimya.

"Sijui," akasema. "Miaka yote hii, sijui."

"Basi ni hapa."

Nikasimama kwa ule mstari wake, nikaweka mikono kichwani, nikapiga nduru, nikimwita mama kwa lugha yetu. "Mayi wee! Mayi wangu, Barasa amefika!" Sauti ikaenda mpaka mwisho wa jukwaa ikarudi. Watu wakageuka. Mfanyakazi wa stesheni hiyo, mwenye kofia, akatoka kwa ofisi yake mbio, akatuona, akasimama. Nduru ya kwanza nilimlilia mama peke yangu. Ya pili tulikuwa wawili, mimi na Barasa.